Ruta ya Nyumbani na Mwenye Nyumba

Nimeombwa nizungumze juu ya ruta, kile kisanduku chenye taa kinachotuletea waifai. Nimekuwa fundi wa mitandao kwa miaka mingi, na kila niingiapo nyumba ya mtu huanza na swali moja kabla sijafungua mkoba: nani hapa ana nenosiri la ruta? Hunitajia lile la waifai. Nikieleza kwamba nataka lile la kuingilia ndani ya ruta yenyewe, watu huanza kutazamana. Baba anamtazama mwanawe, mwana anasema lilibaki kwa fundi aliyefunga. Na fundi huyo alifunga miaka mitatu iliyopita, simu yake haipatikani tena.

Shida zetu nyingi zinaanzia hapo. Mtu analipia intaneti kila mwezi, analipia na umeme wa kuiwasha, kisanduku kiko sebuleni kwake, lakini ufunguo hana. Na hata akiupata, ndani anakuta ukurasa ulioandikwa kwa Kiingereza kuwa ni wa mipangilio ya juu, pamoja na onyo kwamba asiyejua asiguse. Wengi hurudi nyuma papo hapo. Mimi naamini ukurasa ule ni wa mwenye nyumba. Hauhitaji shahada; unahitaji jioni moja ya utulivu, kalamu na karatasi.

Niwasimulie kisa, maana nitakirudia. Mwaka jana niliitwa Magomeni na mwalimu mstaafu anayefundisha Kiswahili kwa video. Wanafunzi wake wako Ujerumani. Kila ikifika saa mbili usiku sauti yake inaanza kukatika, picha inaganda, mwanafunzi anamwambia, “Mwalimu, sikusikii.” Alikuwa amepandisha kifurushi mara mbili, na saa mbili usiku mambo ni yale yale. Mchana akijaribu, kila kitu safi. Kampuni iliyomfungia ilipima ikamwambia laini haina tatizo. Na kweli laini haikuwa na tatizo.

Tuingie kwanza ndani ya ruta. Ukiwa umeunganishwa na waifai yako, fungua kivinjari na uandike pale juu namba iliyo kwenye kibandiko chini ya kisanduku. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwa nini nyumba yangu na ya jirani ziwe na namba ileile? Mfumo wa anwani tulioanza nao una nafasi bilioni 4.3 tu, na vifaa duniani ni vingi kuliko hivyo. Akiba kuu ya anwani hizo iligawanywa mafungu ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Lakini tangu miaka ya 1990 yalikuwa yametengwa mafungu ya anwani za ndani, ambazo kila nyumba inaweza kuzitumia bila kugombana na nyingine, kwa sharti kwamba hazitoki nje.

Waliosoma shule za bweni watanielewa haraka. Shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja. Barua zote za wanafunzi 600 ziliingia sanduku lile, kisha mwalimu wa zamu akazigawa kwa majina pale mstarini. Ruta ndiye mwalimu wa zamu. Nje inajulikana kwa anwani moja. Ndani inajua simu ya mama ni ipi, televisheni ni ipi, na barua hii iliyorudi ilikuwa jibu la nani. Anayegawa barua za nyumba nzima anaziona zinakotoka na zinakokwenda, na anaweza kuzipeleka pasipostahili. Kwa hiyo naanza na ufunguo wake.

Ruta ina manenosiri mawili. Moja ni la waifai, unalowapa watu. La pili ni la utawala, linalofungua mipangilio. Hili la pili, katika nyumba nyingi nilizoingia, bado ni lile la kiwandani: neno la kawaida linalofahamika duniani kote. Mwaka 2016 ilitokea programu haribifu iitwayo Mirai. Haikuwa na maarifa makubwa. Ilizunguka mtandaoni ikibisha hodi kwenye kamera na ruta, ikajaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, yapatayo 60. Kwa orodha hiyo tu ilikusanya vifaa maelfu kwa maelfu, na tarehe 21 Oktoba mwaka ule vikaelekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera zile hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa vitani.

Kisa kingine kinatugusa zaidi, na kinahusu mpangilio uitwao DNS. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Ukiandika jina la benki yako, kifaa chako huuliza kwanza: jina hili namba yake ni ipi? Anayejibu ndiye DNS, na ruta ndiyo huviambia vifaa vyote vya nyumbani vikamuulize nani. Sasa fikiria mtu ameingia kwenye ruta yako, hakuvunja chochote, hakubadili jina la waifai, amefuta tu namba ya mjibu huyo akaandika yake. Kuanzia hapo, unapouliza njia ya benki, unamuuliza mwizi. Genge moja lilifanya hivyo hasa kwa programu iliyoitwa DNSChanger, ambayo iliweza kubadili hata mipangilio ya ruta zilizobaki na nenosiri la kiwandani. Zilipatikana kompyuta zipatazo milioni 4, katika nchi zaidi ya 100. Wahusika, wengi wao Waestonia, walikamatwa Novemba 2011, na ikabidi mahakama ya Marekani iruhusu seva za muda ziendelee kujibu, kwa sababu zile za genge zingezimwa ghafla, wote waliokuwa wakizitumia wangekatikiwa intaneti siku moja. Zilizimwa tarehe 9 Julai 2012.

Kwa hiyo badilini nenosiri la utawala. Sentensi ndefu ya Kiswahili yenye maneno manne au matano yasiyohusiana inafaa kuliko neno moja lenye alama za ajabu, na itakukaa kichwani. Iandike kwenye daftari la nyumbani, lile lenye namba za mita ya umeme. Kisha nenda kwenye sehemu ya DNS uone kumeandikwa nini. Ukikuta namba usiyoitambua, iulizie kwa kampuni inayokuhudumia. Waweza pia kuweka ya hadhara: 9.9.9.9 huzuia tovuti zinazojulikana kuwa za utapeli, na 1.1.1.3 huzuia, pamoja na hizo, tovuti za ngono. Nyumba yenye watoto inapata ulinzi huo kwa kuandika namba mara moja, kwa vifaa vyote vinavyoifuata ruta, bila kulipa senti.

Kwenye ukurasa wa usalama chagueni aina ya ulinzi iitwayo WPA3 kama simu zenu zinaikubali, au WPA2 yenye AES kama kuna vifaa vya zamani. Ukiona WEP popote, iache. Ilivunjwa tangu 2001. Kuficha jina la waifai hakukusaidii, jina hilo hunaswa hewani kwa dakika chache.

Lakini kuna mpangilio mmoja nataka tuuzungumzie, uitwao WPS. Uliwekwa ili mtu aunganishe kifaa bila kuandika nenosiri, kwa kutumia namba ya tarakimu 8. Kwa hesabu ya kawaida tarakimu 8 zina njia milioni 100, kwa hiyo watu waliona ni salama. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kosa lililofichika humo. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 7, kwa hiyo haiongezi kitu. Na ruta haikagui namba nzima kwa pamoja: hukagua nne za mwanzo, ikasema ndiyo au siyo, kisha ndipo ikague zilizobaki. Basi mwizi anajaribu njia 10,000 za nusu ya kwanza, na 1,000 za nusu ya pili. Jumla 11,000. Milioni 100 zimekuwa 11,000, kazi ya saa chache kwa kompyuta iliyokaa nyumba ya pili. Zimeni WPS.

Na waifai ya wageni, je? Sisi ni watu wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu akifika, kabla ya maji ya kunywa, siku hizi anaomba nenosiri, na kumnyima ni aibu. Ruta nyingi zina mtandao wa pili wa wageni, wenye jina na nenosiri lake, ambao unampa mtu intaneti lakini haumfikishi kwenye kompyuta yako wala printa wala kamera. Uwasheni. Mpeni kila anayekuja, kwa moyo mweupe. Na ile televisheni na balbu za kuunganishwa, ziwekeni huko huko kwa wageni, kwa sababu huwezi kujua lini mtengenezaji wake ataacha kuzitunza.

Turudi Magomeni. Nilifika kwa mwalimu saa moja na nusu usiku nikaomba nikae tu. Saa mbili ikakaribia, wajukuu wakaanza kurejea, mmoja chuoni, mwingine kazini, wa tatu mazoezini. Kila simu ilipovuka kizingiti iliidaka waifai, na kila moja ikaanza kimya kimya kupakia picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hakuna aliyegusa chochote. Nilikuwa nimeiacha kompyuta yangu ikipima muda wa kwenda na kurudi, na pale pale namba zikaanza kupanda.

Mwendo wa kupakua na mwendo wa kupakia si kitu kimoja, na nyumba nyingi hupewa wa kupakia mdogo zaidi. Pakiti, yaani vipande vya data, zinapokuja nyingi kuliko njia inavyobeba, kifaa huzipanga foleni kwenye kumbukumbu yake. Kumbukumbu imekuwa rahisi, kwa hiyo watengenezaji wameiweka nyingi, wakidhani wanatusaidia. Fanyeni hesabu pamoja nami. Foleni yenye nafasi ya megabaiti 1 ni biti milioni 8. Tuseme njia ya kupakia ina megabiti 2 kwa sekunde. Milioni 8 kugawa kwa milioni 2 ni 4. Pakiti inayofika mwisho wa foleni iliyojaa husubiri sekunde 4 kabla ya kutoka nyumbani! Sauti ya mwalimu ni pakiti ndogo sana, lakini imesimama nyuma ya video tatu. Mmewahi kusubiri kivuko cha Kigamboni mkiwa na baiskeli nyuma ya malori? Nafasi yako ni ndogo, lakini unasubiri kama lori.

Aliyelipa jambo hili jina ni Jim Gettys, mhandisi Mmarekani, na alilikuta nyumbani kwake mwaka 2010, alipokuwa akipakia mafaili makubwa ya kazi huku watoto wake wakilalamika kwamba intaneti ni nzito. Aliita hali hiyo bufferbloat; mimi huiita foleni iliyovimba. Mwaka 2012 watafiti Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa tiba yake, CoDel. Badala ya kuangalia foleni ina urefu gani, inaangalia pakiti imesubiri muda gani, na ikiona zinasubiri kupita kiasi kwa muda mrefu, inatupa baadhi ili mtumaji aelewe apunguze mwendo. Ndugu zake waliofuata, fq_codel na CAKE, hutenganisha mazungumzo, kila moja na mstari wake, baiskeli isikae nyuma ya lori.

Hapa ndipo penye siri. Foleni hujikusanya pale njia inapokuwa nyembamba kuliko kote. Kama pembamba pako kwenye kifaa cha kampuni, foleni iko huko na huwezi kuipanga. Kwa hiyo unaiambia ruta yako ijibane kidogo, ipitishe asilimia 85 hadi 90 ya mwendo uliopima. Sasa pembamba ni kwako, na foleni imehamia kwako, na wewe ndiye unayeipanga. Mtu anaona uchungu kujipunguzia mwendo aliolipia. Naelewa. Lakini mwalimu yule alikuwa na megabiti 10 za kupakia, nikaandika 9 kwenye nafasi ya kikomo, nikawasha CAKE, na wajukuu wakaendelea kupakia video zao huku sauti yake ikifika Ujerumani bila kukatika. Mwezi uliofuata akarudi kwenye kifurushi cha kwanza.

Niseme wazi kwamba ruta aliyopewa na kampuni haikuwa na mpangilio huo. Ilikuwa na ukurasa wa vipaumbele usiofanya kazi. Nilimwekea nyuma yake ruta ndogo yenye OpenWrt. Hii ni programu huria ya ruta, na ina historia ninayoipenda. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G, na ikagundulika kwamba ndani yake mna mfumo endeshi wa Linux. Leseni ya Linux inadai anayeisambaza atoe na msimbo wake. Watu wakadai, kampuni ikautoa mwaka 2003, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza kutokana na msimbo huo. Herufi WRT kwenye jina lake zimebaki tangu ruta ile. Kabla ya kuiweka, hakikisheni aina yenu imo kwenye orodha ya vifaa inavyovikubali, herufi kwa herufi hadi namba ya toleo, maana ukikosea kifaa kinaweza kufa.

Sasa hewa yenyewe. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 13 hapa kwetu, lakini zimepandiana: zimeachana megahezi 5 tu, na kila ruta hutumia 20. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Kijana mjanja akiona majirani wote wako chaneli 6 anahamia 4, akidhani amepata nafasi. Amejiharibia na amewaharibia. Ruta mbili zilizo chaneli moja husikiana na hupokezana, kama wasemaji wawili wa kipaza sauti kimoja. Zilizo chaneli jirani hazielewani, kila moja ni kelele kwa mwenzake. Chagua 1, 6 au 11, ile yenye majirani hafifu zaidi, na upana uuache megahezi 20. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa na mwendo mzuri, lakini ukuta wa matofali ya saruji unaipunguza sana. Iwekeni kwa televisheni na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta.

Na ruta iwe katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Nyuma ya televisheni hapafai. Juu ya friji hapafai, kwa sababu bati la friji huyazuia mawimbi na maji yaliyomo huyameza. Katika nyumba za kuta nene za mawe kama za Mji Mkongwe, msihangaike na antena kubwa. Vuteni kebo hadi chumba cha nyuma, wekeni ruta ya pili, na katika hiyo ya pili mzime DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Wagawaji wawili katika nyumba moja huweza kuwa chanzo cha ile hali ya kuunganishwa kwenye waifai bila kupata intaneti.

Kijana mmoja aliyeko Muscat alimnunulia mama yake wa Tanga kamera ya getini, akataka kuiona kutoka huko. Alifuata maelekezo yote, akafungua mlango kwenye ruta, kamera haikuonekana. Nilimwambia asome anwani ya nje ya ruta. Ilianza na 100.72. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa makampuni yanayowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama shule kadhaa kupewa S.L.P. moja: barua isiyo na barua iliyotangulia haijui iende shule ipi. Hakuna mpangilio wa ruta utakaotibu hilo. Ataomba kampuni anwani ya hadhara, au atumie njia inayoanzia ndani kwenda nje. Na nilimshukuru Mungu haikufunguka, kwa sababu kamera ile ilikuwa na nenosiri la kiwandani. Kwa sababu hiyo hiyo zimeni UPnP, inayoruhusu kifaa chochote cha nyumbani kujifungulia mlango bila kukuuliza, na zimeni usimamizi wa ruta kutoka nje.

Si kila kitu ni ruta. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ile nilipigiwa na watu waliokuwa wamechomeka sindano kwenye kile kitundu cha nyuma na kufuta mipangilio yote, wakidhani kosa ni lao. Kabla ya kugusa kitundu kile, andika kwenye kivinjari 192.168.1.1, au namba ya kwako. Ukurasa ukifunguka, ruta yako iko hai na unaweza kuona hapo kama njia ya nje imekatika. Ikiwa imekatika, ngoja.

Leo usiku, kabla ya kulala, naomba kila mmoja afanye mambo matatu. Ingia kwenye ruta. Piga picha kila ukurasa kwa simu, ili ukikosea ujue pa kurudi. Kisha badilisha nenosiri la utawala. Mengine yanaweza kusubiri Jumamosi. Na ninyi vijana mnaofungia watu mitandao kwa malipo, nawaomba kama ndugu yenu: kabla ya kuondoka, mwandikieni mwenye nyumba nenosiri lile kwa mkono kwenye karatasi, mumkabidhi, na mumwonyeshe linapoingizwa. Ni lake.